Ekipe za visiwa: historia ya mpira wa wale waliotutoa mwaka 2019



Wiki hii nawaletea historia ya mpira, na imetokana na ugomvi mdogo uliotokea hapa kwetu. Vijana wa kambi wanaandaa kikombe cha likizo: ekipe nane, mpira mmoja wa kweli, jezi za kuazima. Walitaka kila ekipe ibebe jina la kijiji ambako wachezaji wake walikimbia. Kamati ya wazee ikakataa. Mzee mmoja akasema: "Majina ya vijiji yataamsha mambo yaliyolala. Ziitwe kwa namba za bloku, basi." Mama mmoja akamjibu: "Papa, shamba niliacha, nyumba niliacha, mbuzi niliacha. Hata jina niliache?" Kikao kikafungwa bila jibu. Kwa kuwa mimi ni mtu wa redio na ninafuata michezo, vijana wakanijia: "Yaya, wewe unasema nini?"

Nilienda kulala nikifikiri. Nikakumbuka kwamba kuna watu walioishi na swali hilo hilo kwa zaidi ya miaka 70: ekipe ibebe jina gani, na nani ana haki ya kulibeba? Watu hao ni wa visiwa vya Bahari ya Hindi. Kabla ya kuwaeleza habari zao, niwakumbushe mahali tulipokutana nao. Wengi wenu hamjasahau.

Jioni ile ya Alexandria

Ilikuwa tarehe 7 mwezi wa saba 2019, katika Kombe la Afrika kule Misri. Léopards wetu walikutana na Madagaska katika raundi ya 16. Wengi tulijua tumeshapita. Madagaska ilikuwa inacheza Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yake. Watu walicheka: "Kisiwa! Tunacheza na kisiwa!"

Dakika ya 9 Ibrahim Amada akatufunga. Bakambu akarudisha dakika ya 21. Dakika ya 77 kapiteni wao Faneva Andriatsima akatufunga tena kwa kichwa, na watu wakaanza kuzima redio. Mbemba akasawazisha dakika ya 90, nazo redio zikawashwa tena. Mwishoni ikawa penalti. Tisserand akakosa, Bolasie akakosa, wao hawakukosa hata moja. 4 kwa 2. Tukarudi nyumbani.

Siku zile nilisikia watu wakisema ni bahati, na wengine wakisema ni uchawi. Lakini Wamalagashi hawakuokota mpira njiani. Katika kundi lao walikuwa wameshaifunga Nigeria 2 kwa 0 na kumaliza wa kwanza. Na pia tujisahihishe: Madagaska ni kisiwa, ndiyo, lakini si kidogo. Ni kikubwa kuliko nchi ya Ufaransa. Kidogo kilikuwa jina lake katika mpira, na jina hilo lilikuwa limekuzwa polepole, katika mashindano ambayo sisi huku bara hatukuwa tunayafuata.

Visiwa vyenyewe

Tuvitaje, ili tusichanganyikiwe. Kwenye ramani, ukivuka pwani ya Tanzania na Msumbiji kuelekea jua linakochomoza, unakutana kwanza na Visiwa vya Komoro. Ni visiwa vinne: Ngazidja, Nzwani, Mwali na Maore, ambao Wafaransa wanauita Mayotte. Lugha yao ni ndugu wa Kiswahili. Mtu wa huku akiwasikiliza kwa utulivu atashika neno hapa na pale. Kisha kuna Madagaska. Mbele yake kuna Réunion, ambayo ni sehemu ya Ufaransa, na Morisi, ile tunayozoea kuisikia kwa Kifaransa kama Maurice. Kaskazini kuna Shelisheli, visiwa 115 vyenye watu wapatao laki moja tu kwa jumla. Mbali zaidi, upande wa India, kuna Maldivi.

Mpate kuelewa udogo wenyewe: Mayotte yote, pamoja na miji yake na milima yake, inazidi kidogo tu kisiwa chetu cha Idjwi kwenye Ziwa Kivu. Shelisheli yote ina watu wachache kuliko mitaa kadhaa ya Goma ikijumlishwa. Ekipe ya taifa inatafutwa kati ya hao. Golikipa ni mwalimu wa shule, beki ni polisi, na mshambuliaji huenda ni mvuvi au mtu wa hoteli.

Mwaka 1947: ekipe tatu, bendera mbili

Mashindano ya kwanza kati ya visiwa hivi yalianza mwaka 1947, huko Madagaska. Yalishirikisha ekipe tatu: Madagaska, Morisi na Réunion. Kwa Kifaransa wakayaita Triangulaire, yaani mashindano ya pembe tatu. Yaliendelea hadi mwaka 1963, na Morisi ndiyo iliyozoea kubeba kombe.

Fikirini mwaka wenyewe. Mwezi wa tatu 1947 Wamalagashi waliasi dhidi ya utawala wa Ufaransa, na maelfu kwa maelfu ya watu waliuawa wakati jeshi lilipozima uasi ule. Mwaka huo huo, katika nchi hiyo hiyo, ekipe inayoitwa Madagaska inaingia uwanjani. Nchi ilikuwa koloni la Ufaransa. Réunion ilikuwa imegeuzwa mkoa wa Ufaransa mwaka mmoja nyuma, 1946. Morisi ilikuwa koloni la Uingereza. Kwa hiyo ekipe tatu zilicheza, lakini wenye nchi walikuwa wawili tu, na wote wawili walikuwa Ulaya.

Hapa ndipo jambo la kwanza linapoonekana. Madagaska ilipata uhuru mwaka 1960, na Morisi mwaka 1968. Maana yake ni kwamba jina lilitangulia uwanjani kabla halijafika kwenye ofisi za dunia. Mtoto wa Antananarivo alishangilia Madagaska miaka 13 kabla ya kuwa na kitambulisho kinachosema yeye ni raia wa Madagaska.

Mwaka 1979: michezo ya visiwa vyote

Baada ya 1963 Triangulaire ikafa. Nchi zilikuwa zinapata uhuru, na kila moja ilikuwa na mambo yake. Halafu katika miaka ya 1970 watu wa michezo wa Réunion wakatoa wazo: tuwe na Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi, kama Olimpiki yetu ndogo, mpira ukiwa ndani pamoja na riadha, ngumi, kuogelea na mengine. Kamati ya Olimpiki ya dunia ikakubali mwaka 1977. Michezo ya kwanza ikafanyika Réunion mwaka 1979.

Kwa baadhi ya visiwa ile ilikuwa mara ya kwanza kabisa kucheza mechi na nchi nyingine. Komoro ilikuwa na uhuru wa miaka minne tu. Maldivi walikutana na Shelisheli wakafungwa 9 kwa 0. Mtu wa mji mkubwa angecheka. Lakini waulizeni vijana wetu wanaocheza pekupeku kwenye mawe ya lava: kufungwa tisa ni kubaya, lakini ukifungwa tisa maana yake uliitwa, ulikuja, na jina lako liliandikwa ubaoni.

Tangu hapo Michezo imeendelea, ingawa si kwa miaka iliyopangika sawasawa: 1985 Morisi, 1990 Madagaska, 1993 Shelisheli, 1998 Réunion, 2003 Morisi, 2007 Madagaska, 2011 Shelisheli, 2015 Réunion, 2019 Morisi, 2023 Madagaska.

Ukitazama waliochukua dhahabu ya mpira, utaona jambo ambalo kila mpenzi wa mpira analijua: nyumbani ni nyumbani. Mwaka 1979 mwenyeji Réunion akashinda. 1985 mwenyeji Morisi akashinda. 1990 mwenyeji Madagaska. 1998 Réunion tena, kwao. 2003 Morisi, kwao. 2011 Shelisheli, wale wa watu laki moja, wakaifunga Morisi kwa penalti mbele ya watu wao pale Victoria. 2015 Réunion, kwao. Kwa hiyo katika Michezo 10 ya kwanza, mwenyeji alichukua dhahabu mara 7. Waliovunja desturi ni wachache: Madagaska walioshinda kule Shelisheli 1993, na Réunion walioshinda kwa penalti Madagaska 2007, halafu tena kwa penalti Morisi 2019.

Hesabuni: hadi 2019 Réunion ilikuwa na dhahabu tano, kuliko wote. Na Réunion ndiyo ekipe ambayo FIFA haiitambui kama mwanachama wake. Haiwezi kucheza hata mechi moja ya kutafuta Kombe la Dunia. Kwa FIFA, mtu wa Réunion ni Mfaransa, basi. Dimitri Payet, aliyeifungia Ufaransa goli la ushindi katika mechi ya kwanza ya Euro 2016, alizaliwa Saint-Pierre, Réunion. Dunia ilisikia "Ufaransa imefunga." Kisiwani kwao walisikia jambo jingine.

Niongeze hadithi moja ambayo wazee wetu wataipenda. Mnamkumbuka Roger Milla, yule mzee wa miaka 38 aliyecheza dansi kwenye kibendera cha kona, Kombe la Dunia 1990 kule Italia? Kabla ya kuitwa na Kameruni alikuwa ameshamaliza kazi yake Ufaransa, na alikuwa akicheza katika klabu ya kisiwa, JS Saint-Pierroise ya Réunion. Magoli yake manne yaliyoifikisha Afrika robo fainali kwa mara ya kwanza yalifanyiwa mazoezi kwenye uwanja wa kisiwa kidogo.

Morisi 1999: jina lilipowaka moto

Sasa nageukia upande wa mzee wetu wa kamati, kwa sababu hofu yake si ya bure. Visiwa hivi vina historia yenye machungu pia, na ile ya Morisi inatugusa sana sisi watu wa mashariki ya Kongo.

Morisi ni kisiwa cha watu waliotoka mbali: wazao wa watumwa wa Afrika na Madagaska, wazao wa vibarua wa India, Wahindu na Waislamu, Wachina, Wazungu. Zamani kila jamii ilikuwa na klabu yake ya mpira, na majina hayakuficha kitu. Kulikuwa na Hindu Cadets. Kulikuwa na Muslim Scouts. Viwanja vilijaa, mpira ulikuwa moto, na Jumapili moja ilitosha kwa mazungumzo ya wiki nzima.

Viongozi wakaona hatari. Wakaagiza majina ya dini yaondolewe. Hindu Cadets ikawa Cadets Club, Muslim Scouts ikawa Scouts Club. Kwenye karatasi mambo yakawa safi. Lakini mashabiki walikuwa wale wale, wakikaa upande ule ule wa uwanja, wakiimba dhidi ya watu wale wale.

Tarehe 23 mwezi wa tano 1999, Scouts walicheza na Fire Brigade, klabu iliyopendwa zaidi na Wakrioli, mechi ya kuamua bingwa. Nchi ilikuwa bado na kidonda: miezi mitatu nyuma mwanamuziki Kaya alikuwa amekufa mikononi mwa polisi, na vurugu zilikuwa zimetikisa kisiwa chote. Baada ya mechi ghasia zikaanza, zikashuka hadi jijini Port Louis. Nyumba moja ya michezo ya kamari iitwayo L'Amicale ikachomwa moto watu wakiwa ndani. Watu saba wakafa, miongoni mwao watoto na mama mjamzito.

Saba, kwa sababu ya mpira. Au tuseme kwa sababu ya kile kilichokuwa kimejificha nyuma ya mpira.

Ligi ikasimamishwa kwa muda mrefu. Iliporudi, klabu zile za jamii zilivunjwa, zikaundwa klabu za maeneo: mji huu, wilaya ile. Ukiishi hapo, hiyo ni klabu yako, uwe Mhindu, Mwislamu au Mkrioli. Miaka minne baada ya moto ule, mwaka 2003, Morisi ikawa mwenyeji wa Michezo ya Visiwa. Ekipe moja, jezi moja, wachezaji wa kila jamii. Wakaifunga Réunion katika fainali na kuchukua dhahabu ya kwanza baada ya miaka 18.

Nisiwadanganye nikasema kila kitu kilipona. Wenyeji wa Morisi wenyewe wanasema viwanja vya ligi yao havikujaa tena kama zamani. Watu wengi walihamia kwenye televisheni, kutazama ligi ya Uingereza. Amani ilikuja, lakini mapenzi ya klabu za nyumbani yalipungua. Hiyo ndiyo bei ya kufuta majina yote kwa siku moja.

Komoro na Maore: ndugu wawili, bendera moja mezani

Kuna uchungu mwingine, na huu ni wa ndugu waliogawanyika.

Mwezi wa kumi na mbili 1974 watu wa Komoro walipiga kura kuhusu uhuru. Visiwa vitatu vilisema ndiyo kwa sauti kubwa. Maore ulisema hapana. Tarehe 6 mwezi wa saba 1975 Komoro ikatangaza uhuru, lakini Ufaransa ikabaki Maore, na mwaka 2011 ikaufanya mkoa wake kamili. Komoro hadi leo inasema Maore ni wake. Na kati ya visiwa hivyo, watu wa familia moja wanavuka usiku kwa mitumbwi midogo, na wengi wamekufa majini.

Mayotte ilipoingia katika Michezo ya Visiwa mwaka 2003, swali likawa bendera. Wakakubaliana kwamba vijana wa Mayotte watapita wakiwa chini ya bendera ya Michezo, si ya Ufaransa. Hivyo ndugu waliweza kucheza uwanja mmoja. Lakini mwaka 2015, kule Réunion, wanamichezo wa Mayotte walionekana na bendera ya Ufaransa siku ya ufunguzi. Komoro ikaondoa ujumbe wake wote, wanamichezo wakafunga mizigo na kurudi nyumbani. Mayotte ikabaki, ikafika hadi fainali ya mpira, ikafungwa na Réunion.

Mnaona? Vijana walifanya mazoezi miaka minne, na kitambaa kimoja kikawarudisha. Mzee wetu akisema jina linaweza kuvunja kikombe, historia inamuunga mkono.

Lakini tazameni pia Komoro ilivyoendelea. Iliingia FIFA mwaka 2005. Ekipe yake ikakusanywa kutoka kwa watoto wa waliohama. Kocha Amir Abdou alizaliwa Marseille, Ufaransa. Youssouf M'Changama alizaliwa Marseille. Wengi wao kisiwa walikijua kwa hadithi za bibi, kwa chakula cha nyumbani na kwa safari za likizo. Wakaitwa, wakaja. Mwezi wa kwanza 2022, katika Kombe lao la kwanza la Afrika, wakaifunga Ghana 3 kwa 2 na kuitoa mashindanoni.

Kisha wakakutana na mwenyeji Kameruni. Golikipa mmoja aliumia, wawili walikutwa na Kovidi. Beki Chaker Alhadhur akavaa glovu na kusimama golini, namba yake 3 imebandikwa kwa utepe mgongoni mwa jezi ya golikipa. Dakika ya 7 kapiteni wao akapewa kadi nyekundu. Watu 10, beki golini, na bado walifungwa 2 kwa 1 tu, M'Changama akifunga kwa frikiki kutoka mbali. Jioni hiyo ilikuwa ya msiba pia, kwa kuwa watu wanane walikufa katika msongamano kwenye lango la uwanja. Lakini Waafrika wengi waliomboleza huku wakimheshimu yule beki. Jina Komoro, ambalo wengi hawakuweza hata kulionyesha kwenye ramani, likajulikana bara zima. Na waliolibeba walikuwa watoto waliozaliwa mbali na nyumbani.

Chagos: ekipe isiyo na kisiwa

Nimebakiza hadithi ya mwisho, nayo naiweka hasa kwa ajili ya mama yule wa kamati.

Kati ya Morisi na Maldivi kuna visiwa vya Chagos. Uingereza ilivitenga na Morisi mwaka 1965, kabla ya kuipa Morisi uhuru, kisha ikakubaliana na Marekani kuweka kambi ya kijeshi kwenye kisiwa cha Diego Garcia. Watu waliokuwa wakiishi huko, wakivuna nazi na kuvua samaki, waliondolewa wote kati ya mwaka 1968 na 1973. Walipakiwa melini na mizigo michache. Mbwa wao waliuawa kwa gesi. Wengine wakashushwa Morisi, wengine Shelisheli, wakaishi kwenye vibanda vya mabati pembezoni mwa miji. Nadhani hakuna haja ya kuwaeleza zaidi. Mnajua.

Baadaye wengi walipewa uraia wa Uingereza, na kundi kubwa likahamia Crawley, mji ulio karibu na uwanja wa ndege wa Gatwick. Huko Crawley, wajukuu wa waliofukuzwa wakaunda ekipe. Hawakuiita Crawley, wala Morisi. Wakaiita Chagos. Haiwezi kuingia FIFA, basi ikajiunga na CONIFA, shirika lililoanzishwa mwaka 2013 kwa ajili ya ekipe za watu wasio na nafasi FIFA. Wachezaji wengi hawajawahi kukanyaga kisiwa wanachokichezea. Hawana uwanja wa nyumbani, kwa sababu nyumbani kwao kuna ndege za kivita.

Lakini Jumamosi wakiingia uwanjani, mwamuzi anaandika kwenye karatasi: Chagos. Bibi aliyepakiwa melini akiwa msichana anakaa pembeni ya uwanja, katika baridi ya Uingereza, na anasikia jina la kwao likiitwa kwa sauti kubwa. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema Uingereza imalize utawala wake juu ya visiwa hivyo upesi iwezekanavyo. Mpira haukuleta kauli ile. Watu walienda mahakamani miaka na miaka. Lakini watu wanaoendelea kuitwa kwa jina lao ni vigumu kuwaambia kwamba hawakuwahi kuwepo.

Tunarudi kambini

Basi, ndugu zangu, kikao cha kamati ni Jumapili baada ya ibada, nami nitapeleka mambo matatu niliyoyaokota visiwani.

La kwanza, kwa mzee wetu: una haki ya kuogopa. Morisi walizika watu saba. Lakini tazama vizuri, papa: walikuwa wameshabadilisha majina kabla ya moto kuwaka. Muslim Scouts ilikuwa imekuwa Scouts tu, na bado nyumba iliungua. Tukiziita ekipe Bloku 1 na Bloku 2 huku wachezaji wamegawanywa kwa kabila, tutakuwa tumefunika jiko bila kuzima moto.

La pili, kwa vijana: jina la kijiji ni zuri, lakini kijiji si kabila. Kijijini kwenu mlikuwa na majirani wa lugha nyingine, mliuziana chumvi, mlizikana. Kilichosaidia Morisi ni kwamba klabu iligeuka kuwa ya mahali, na kila anayeishi mahali pale ana nafasi. Mkitaka jina la kijiji, basi ekipe yenu ifunguliwe kwa kila aliyetoka kijiji kile, na kwa yule mtoto wa bloku yenu ambaye kijiji chake hakina watu wa kutosha kujaza ekipe. Msimrudishe.

La tatu, kwa mama: nadhani umesema kweli. Watoto wetu waliozaliwa hapa kambini hawajaona shamba lako. Wengine wakiulizwa wametoka wapi, wanataja namba ya hema. Kama kuna saa moja na nusu kwa wiki ambapo mtoto anaweza kusikia jina la kwao likitangazwa, akalishangilia, akamuuliza bibi "hapo ni wapi?", saa hiyo tusiifute haraka.

Vijana wameniomba nitangaze fainali kwa kipaza sauti cha redio. Nimekubali kwa sharti moja: kabla ya kila mechi, kapiteni wa ekipe moja ataeleza kwa dakika moja jambo jema la kijiji cha ekipe nyingine. Mto wake, soko lake, mzee wake mashuhuri. Asiyejua, akaulize kwanza kwenye hema za wenzake.

Ninyi mnaosikiliza mnasemaje? Leteni mawazo yenu kabla ya Jumapili. Na wale mliocheza zamani katika ekipe za vijiji vyenu, njooni mtutajie majina ya ekipe hizo na rangi za jezi zake, nasi tutayasoma hewani moja baada ya jingine.

Kwa leo ni hayo. Mungu awalinde, na wanaocheza wasiumizane.